Bahari bila daftari: kwa nini vipimo vya maji ya Lamu visikatizwe

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Msemo huo ni wa wafanyabiashara, lakini leo tuupeleke baharini. Mvuvi yeyote wa Shela, Faza au Kizingitini atakwambia bahari imebadilika. Muulize imebadilika kwa kiasi gani, tangu lini na kwa sababu gani, hapo kila mtu atakuwa na lake. Kumbukumbu ya mtu ni hazina, ila haina tarakimu.

Na tarakimu zina kazi yake. Aprili 2018 Mahakama Kuu, katika kesi ya ujenzi wa Bandari ya Lamu, iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Katika madai ya namna hiyo, swali la msingi huwa moja: hali ilikuwaje kabla? Asiye na kumbukumbu ya jana hana cha kulinganisha na leo, na upande wa pili utasema samaki walikuwa wachache tangu hapo.

Tuchukue mfano wa maji yenyewe. Wakati wa bamvua, bahari yetu hupanda na kushuka kwa takriban mita tatu katika saa chache. Upande mwingine, wanasayansi wanasema bahari za dunia, kwa wastani, zilipanda kwa milimita 3.7 kila mwaka kati ya 2006 na 2018. Yaani kupwa na kujaa kwa siku moja ni karibu mara mia nane ya kile kinachoongezeka kwa mwaka mzima. Ndiyo maana mtu hawezi kusimama gatini akakiona kwa macho. Ongeza upepo wa kusi na kaskazi unaosukuma maji huku na kule, na miaka ya mvua kubwa ambapo Bahari ya Hindi upande wetu huwa na joto na maji hupanda zaidi. Kitu kidogo kimefichwa ndani ya vitu vikubwa.

Kuna na jambo la mwezi. Mabaharia wanajua bamvua na maji mafu hufuata mwezi wa kila siku thelathini. Lakini mwezi una mzunguko mwingine mrefu, wa miaka 18.6. Katika miaka fulani ya mzunguko huo maji makubwa huzidi kidogo, na katika miaka mingine hupungua kidogo, bila kuhusiana na mabadiliko ya tabianchi. Aliyepima miaka tisa pekee anaweza kuanzia bondeni akamalizia kileleni, akatangaza bahari inapanda kwa kasi ya kutisha. Mwenzake akaanzia kileleni akasema hakuna kitu. Wote wawili wamepima sawasawa, na wote wamekosea. Dawa ni kupima mzunguko mzima, kisha kuendelea.

Kenya imekuwa na vituo viwili vya muda mrefu vya kupima kina cha bahari, Mombasa na Lamu, vinavyosimamiwa na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Hawaii. Rekodi za Mombasa zinaanzia 1986, na za Lamu katikati ya miaka ya 1990. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilipovuka Bahari ya Hindi kutoka Sumatra, kituo cha Lamu kilikuwa miongoni mwa vile vilivyonakili mawimbi yake. Hakuna aliyekiweka pale kwa ajili ya siku ile. Kilikuwa kinafanya kazi yake ya kila siku, na siku kubwa ikakikuta kazini.

Kwa nini wa mbali wapime

Msomaji anaweza kuuliza: barafu ya ncha za dunia inatuhusu nini sisi wa Pate na Manda? Inatuhusu kuliko tunavyodhani. Barafu iliyolala juu ya nchi kavu ya Greenland na Antaktika ni nzito mno, hata huvuta maji ya bahari yaje karibu nayo. Ikiyeyuka, mvuto ule hupungua na maji huachiwa yaende mbali. Kwa hiyo sehemu zilizo mbali na barafu, kama sisi tulio karibu na ikweta, hupokea zaidi ya wastani wa dunia. Kinachopimwa kule kwenye baridi ndicho kitakachosomwa baadaye kwenye gati letu.

Na kule nako wamejifunza thamani ya kutokatiza. Kituo cha Waingereza cha Halley, Antaktika, kilianza kupima ozoni katika miaka ya 1950. Mwaka hadi mwaka kazi ilikuwa ile ile, na matokeo yalikuwa karibu yale yale. Kisha tarakimu zikaanza kushuka kila majira ya kuchipua ya kule, na mwaka 1985 wanasayansi watatu wa Uingereza wakauambia ulimwengu kwamba tabaka la ozoni lilikuwa linatoboka. Mwaka 1987 mataifa yakatia saini Mkataba wa Montreal wa kupunguza kemikali zinazoliharibu. Bila ile miaka mingi ya kupima kilichoonekana hakina jipya, kushuka kule kusingekuwa na cha kulinganishwa nacho.

Kinyume chake pia kipo. Huko Mauna Loa, Hawaii, hewa ya kaboni imekuwa ikipimwa tangu 1958. Mwaka 1964 fedha zilipunguzwa na kipimo kikasimama kwa miezi michache. Pengo lile liko kwenye mchoro mpaka leo. Fedha zilirudi, lakini hewa ya miezi ile imepita. Kipimo hakidaiwi kama deni, ukisema utalipa mwakani.

Kasa na visima

Hapa kwetu mfano mzuri ni kasa. Mradi wa Lamu Marine Conservation Trust ulioanzia Shela mwaka 1992 umekuwa ukilinda viota na kuandika habari zake. Sasa fikiria: kasa huchukua miaka ishirini, thelathini au zaidi kukomaa, kisha jike hurudi kutaga katika pwani za eneo alikozaliwa. Maana yake, waliotoka mayaini mradi ulipoanza ndio kwanza wanafikia umri wa kurudi. Mfadhili wa miaka mitatu hawezi kuyaona matunda yale. Ni lazima awepo mtu wa kuhesabu mwanzo, na mwingine wa kuhesabu mwisho, na daftari liwe moja.

Visima navyo ni hivyo hivyo. Maji matamu ya mji wa Lamu hutegemea milima ya mchanga ya Shela. Chini ya ardhi maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, na tukivuta kupita kiasi, au bahari ikipanda, chumvi hupanda nayo. Mabadiliko hayo huja polepole. Ulimi huyatambua yakishakuwa makubwa, ilhali kipimo cha kila mwezi hutoa habari mapema, wakati bado kuna la kufanya.

Kinachoua daftari

Vipimo vya muda mrefu haviuliwi na dhoruba mara nyingi. Huuliwa na mambo madogo. Mradi unaisha na hakuna aliyetenga pesa za betri na vipuri. Mwenye ujuzi anastaafu kabla hajamfundisha mwingine. Karatasi zinaliwa na mchwa. Au gati linakarabatiwa, kifaa kinarudishwa juu kidogo au chini kidogo, na hakuna aliyepima tena dhidi ya alama ya msingi iliyoko nchi kavu. Hili la mwisho ni baya zaidi, kwa sababu tarakimu zinaendelea kuja, ila haziunganiki na za zamani.

Tiba yake haihitaji mabilioni. Kwanza, kila kipimo kiwe na mwenyewe anayejulikana na fungu lake katika bajeti ya kila mwaka, ya taifa au ya kaunti, badala ya kungoja wafadhili. Pili, mbinu isibadilishwe ovyo, na ikibidi kubadilishwa, ya zamani na mpya zitumike pamoja kwa muda ili zilinganishwe. Tatu, kamati za wavuvi za BMU, ambazo tayari ziko kwenye bandari zetu za samaki, zisaidiwe kuandika mavuno kwa namna moja kila siku, na anayeandika alipwe chochote. Nne, nakala zibaki Lamu. Si haki kijana wa Siyu anayetaka kujua habari za bahari yake aende kuzitafuta Nairobi au ng'ambo.

La tano ni letu sote: matokeo yarudi kwa watu. Mvuvi anayeulizwa kila mwaka ameshika kilo ngapi na haambiwi kilichopatikana, mwaka wa tatu atataja kilo zozote ili aachwe aende zake. Akisomewa barazani kilichoandikwa, atasahihisha, ataongeza, na atalinda kifaa kisichezewe.

Bajeti ya kaunti hujadiliwa kila mwaka, na wananchi hualikwa kutoa maoni. Safari ijayo, pamoja na kuuliza habari za barabara na zahanati, tuulize: maji ya bahari yetu, visima vyetu na samaki wetu, ni nani anayeandika, na mwaka huu ametengewa ngapi?