Kwa Nini Watu Hupiga Kura?

Januari 1961 ulifanyika uchaguzi mkuu Unguja na Pemba wa kugombea viti 22 vya Baraza la Kutunga Sheria. Katika jimbo la Chake Chake mshindi alimpita mpinzani wake kwa kura moja tu. Kama wapiga kura wawili wa upande wake wangalibaki shambani siku ile, kiti kingalikwenda kwa mwingine.

Kisa hiki hutajwa mara kwa mara ili kuonyesha thamani ya kura moja. Hata hivyo, kinatajwa kwa sababu ni adimu. Katika jimbo lenye makumi ya maelfu ya wapiga kura, uwezekano wa mtu mmoja kukata shauri ni mdogo mno; wala waliopanga foleni Chake Chake asubuhi ile hawakujua kuwa hesabu ingekaribiana kiasi hicho.

Mwaka 1957 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Anthony Downs, alilitazama jambo hili kwa jicho la mfanyabiashara. Ikiwa mtu hupima faida na hasara, mbona aache kazi yake, atembee mwendo mrefu na kusimama juani kwa ajili ya kura ambayo yamkini haitabadili lolote? Barabara ikijengwa, aliyekaa nyumbani ataipita vilevile. Kwa hesabu hiyo vituo vya kura vingekuwa vitupu. Navyo si vitupu.

Mwaka 1968 William Riker na Peter Ordeshook walijaribu kuisahihisha hesabu hiyo. Kwa herufi za Kiswahili twaweza kuiandika hivi:

M = (U × F) − G + W

M ni manufaa ya kupiga kura. U ni uwezekano wa kura kuamua matokeo. F ni faida ya mgombea anayependwa kushinda. G ni gharama ya kwenda kituoni. Na W ni wajibu, yaani ridhaa ya nafsi aipatayo mtu kwa kutimiza jambo alionalo kuwa la haki. Kwa kuwa U inakaribia sufuri, mzigo wote huangukia W. Udhaifu wa jibu hili ni dhahiri: hesabu isipotimia, W huongezwa mpaka itimie. Basi W yenyewe yatoka wapi?

Jaribio kubwa lilifanywa katika jimbo la Michigan, Marekani, kabla ya uchaguzi wa mchujo wa Agosti 2006. Huko daftari la serikali huonyesha nani alipiga kura na nani hakupiga, ingawa halionyeshi alimchagua nani. Alan Gerber, Donald Green na Christopher Larimer waligawa kaya kwa bahati nasibu, kisha wakazipelekea barua za namna mbalimbali. Miongoni mwa wasiopelekewa barua, asilimia 29.7 walipiga kura. Barua iliyokumbusha wajibu wa raia peke yake ilifikisha asilimia 31.5. Barua nyingine iliorodhesha waliopiga na wasiopiga kura zilizopita, majirani wakiwamo, na kuahidi kuwa orodha mpya ingepelekwa baada ya uchaguzi. Hapo walifika asilimia 37.8.

Mawaidha, basi, yaliongeza chini ya pointi 2. Jicho la jirani liliongeza zaidi ya 8. Walimu wa somo la uraia yafaa waitafakari tofauti hiyo, maana aghalabu sisi huhimiza kwa mawaidha.

Isidhaniwe kuwa raia ni mnafiki anayesukumwa na aibu tu. Hata katika kundi lisiloandikiwa, karibu watu 3 kati ya 10 walikwenda wenyewe. Lakini matokeo yanadokeza kwamba wajibu hauishi moyoni mwa mtu peke yake. Huishi pia baina ya watu wanaojuana. Aendaye kituoni pamoja na jamaa na majirani hafanyi hesabu ya Downs. Anahudhuria shughuli ya wenzake, kama anavyohudhuria maziko, ambako pia kukosekana kwa mtu mmoja hakuzuii kaburi kuchimbwa, bali huonekana.

Hapa Afrika ya Mashariki wino apakwao mpiga kura kidoleni uliwekwa ili asirudie kupiga. Bila kukusudiwa, hufanya pia kazi ya ile orodha ya Michigan: kwa siku kadhaa kila mtu sokoni huweza kuona nani alikwenda, na hakuna awezaye kuona alimchagua nani.