Ukisema una alsa, muuguzi wa kamera atakuuliza kama ugali unashuka

Ploti za Kitale na Bungoma hazikosi mtu mwenye alsa. Anatembea na tembe za asidi mfukoni, maharagwe hagusi, na ukimuuliza nani alimpima anakwambia alijijua tu. Huenda ni vidonda vya tumbo kweli. Huenda pia ni kitu kingine kabisa, na njia ya uhakika ya kujua ni kutazama ndani.

Kutazama huko ndiko endoskopi, ambayo wagonjwa wengi huiita kupigwa kamera. Daktari hupitisha mdomoni mpira mwembamba wenye taa na kamera, ukashuka kwenye umio hadi tumboni huku picha zikionekana kwenye skrini. Ni shughuli ya dakika chache. Kabla na baada ya dakika hizo, chumba ni cha muuguzi.

Kazi yake huanza kwa maswali. Umekula saa ngapi? Tumbo linafaa kuwa tupu, bila chakula kwa angalau saa sita. Sasa mfikirie mzee aliyeondoka Kapsokwony gizani kuteremka Bungoma, akapitia kikombe cha chai ya maziwa njiani kwa sababu chai si chakula, ama? Kwa kamera, chai ya maziwa ni chakula. Akitapika akiwa amelala kwa dawa, inaweza kuingia kwenye mapafu. Muuguzi ndiye anayemwambia arudi siku nyingine, na amwambie kwa lugha itakayoeleweka, iwe Kiswahili, Kibukusu, Kisabaoti au Kipokot.

Swali lingine: umekuja na nani? Dawa ya usingizi mwepesi huacha kichwa kizito hata mtu akijiona yuko fiti. Kijana aliyetoka Endebess na pikipiki yake haruhusiwi kuiendesha kurudi nyumbani.

Ndani, mgonjwa hulazwa kwa ubavu wa kushoto, koo limepuliziwa ganzi, meno bandia yametolewa. Macho ya daktari yako kwenye skrini. Ya muuguzi yako kwa mtu. Anafuatilia oksijeni na mapigo ya moyo, anafyonza mate, anashika bega. "Pumua na pua, mama. Polepole. Iko sawa." Daktari akiona sehemu ya kutiliwa shaka, muuguzi husaidia kupitisha koleo refu jembamba ndani ya mpira na kunyofoa kinyama kidogo kama punje ya simsim. Kinatiwa kwenye chupa yenye dawa na kuandikwa jina papo hapo. Chupa mbili zikibadilishwa majina, mtu mzima ataambiwa ana saratani na mgonjwa ataambiwa aende nyumbani.

Halafu kuna kuosha, kazi ambayo hakuna anayeipiga picha ya kuweka mtandaoni. Mpira huo una vijia vyembamba ndani, na vyote vimepita kwenye mate, damu na uchafu wa tumbo. Haiwezekani kuuchemsha kama makasi, utaharibika. Muuguzi huufuta mara tu unapotoka, huujaza hewa na kuuzamisha majini kuona kama unavuja, husugua kila kijia kwa brashi ndefu na sabuni maalumu, kisha huuloweka kwenye dawa kali kwa muda uliowekwa, huusuuza, huukausha na kuutundika. Foleni ikiwa ndefu nje na mipira ni miwili tu, kuna kishawishi cha kuruka hatua moja. Hapo ndipo utamjua muuguzi. Mgonjwa anayefuata hatajua kamwe kama brashi ilipita au haikupita.

Kwa nini haya yawahusu vijana wa huku? Kwa sababu tuko ndani ya ukanda wa saratani ya umio, unaoanzia Ethiopia kupitia Kenya hadi Afrika Kusini. Saratani hii ni miongoni mwa zinazoua Wakenya wengi zaidi, na watafiti wa Hospitali ya Tenwek, Bomet, wameripoti wagonjwa wa chini ya miaka 30. Sigara na pombe zinahusishwa nayo. Vinywaji vya moto sana pia: mwaka wa 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vile vinavyozidi nyuzi 65 katika kundi la vinavyoweza kusababisha saratani. Acha chai ipoe kidogo, haitakimbia.

Ndiyo maana kuna swali moja ambalo ningeliweka ukutani: ugali unashuka? Ugonjwa huu huja kwa mpangilio. Kwanza nyama inakwama, kisha ugali usukumwe kwa maji, baadaye ni uji peke yake, na mwishowe hata maji ni shida. Wengi hufika kwenye kamera wakiwa wa uji. Miezi imeishia kwa tembe za asidi, au kwa jamaa wanaosema amerogwa. Mtu wa hatua ya ugali bado anaweza kuwa na nafasi. Ukiona hali hiyo, usingoje ifike kwenye uji.

Anayetaka kazi hii huanzia kwenye uuguzi wa kawaida. KMTC ina kampasi Kitale na Bungoma, na diploma huhitaji angalau C katika KCSE, huku Biolojia ikiangaliwa sana, kisha mtihani wa leseni wa Baraza la Wauguzi. Ujuzi wa kamera wengi huupata wakiwa kazini, kando ya aliyetangulia. Tusidanganyane: kuna wenye leseni wanaosubiri kuajiriwa, na kuna walioenda Uingereza baada ya mkataba wa 2021.

Wiki kadhaa baadaye majibu ya kile kinyama hurudi kutoka maabara. Yakiwa mabaya, mgonjwa anahitaji kufika Eldoret, hospitali ya rufaa ya Moi, haraka. Muuguzi anafungua daftari na kupiga simu. Mara nyingi namba iliyoandikwa ni ya jirani, na jirani anasema mzee yuko shambani, apigiwe jioni. Jioni anapiga tena.