Anzeni na Palipo Karibu: Wikendi za Familia za Wanajeshi Ujerumani

Mwanajeshi wa Marekani anayehamishiwa Ujerumani pamoja na familia yake kwa kawaida hupangiwa miezi 36. Eneo la Kaiserslautern pekee, penye kituo cha anga cha Ramstein na hospitali ya kijeshi ya Landstuhl, lina Wamarekani takriban 50,000, wakiwemo wake, waume na watoto. Wengine ni jamaa zetu, maana sheria ya Marekani humruhusu mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu kujiunga na jeshi, na Wakenya wengi wamepitia mlango huo. Familia ikishafika, huanza kuhesabu miji mikubwa: Paris, Roma, Prague, na wasiwasi kwamba muda utaisha kabla hawajaiona yote. Ninaona haraka hiyo inawanyima mengi. Safari ya siku moja, ya karibu, inayorudiwa mara kwa mara, inaifaa familia ya jeshi kuliko mbio za miji ya mbali.

Sababu ya kwanza ni kazi yenyewe. Wikendi ya mwanajeshi si mali yake moja kwa moja. Kuna zamu, kuna mazoezi, na simu ya kumwita kazini inaweza kulia Ijumaa jioni. Hoteli ya Prague iliyokwisha kulipiwa inaweza kwenda na pesa zake, lakini safari ya Jumamosi isiyohitaji hoteli huahirishwa bila hasara. Na mwanajeshi akitumwa nje kwa miezi kadhaa, anayebaki na watoto pengine hajafaulu hata mtihani wa leseni ya udereva wa huko. Hapo treni huwa mkombozi. Tikiti ya siku ya jimbo la Rheinland-Pfalz inaweza kutumiwa na kikundi cha hadi watu watano katika treni za mkoa, siku za kazi kuanzia saa 3 asubuhi, na Jumamosi na Jumapili tangu usiku wa manane. Watoto walio chini ya miaka 6 hawalipiwi kabisa.

Na huko karibu kuna nini? Kaiserslautern imepakana na Pfälzerwald, msitu mkubwa wenye njia za miguu zilizowekwa alama, na ndani yake vibanda vya chama cha watembeaji kilichoanzishwa mwaka 1902. Mtembeaji hupata chakula humo, hasa wikendi. Pengine ataletewa Dampfnudel: donge la unga wa hamira lililopikwa kwa mvuke katika sufuria iliyofunikwa, juu laini kama mkate mpya, chini limeshika ukoko wa chumvi. Wenyeji hulila na supu ya viazi. Kwa gari, mwendo wa saa moja na kitu, kuna Trier na lango lake la Porta Nigra, lililojengwa na Warumi yapata mwaka 170. Mawe yake hayakuunganishwa kwa chokaa, yalishikwa kwa vyuma, na watu wa karne za baadaye walichimbua vyuma hivyo wakaviiba. Matundu waliyoyaacha yanaonekana hadi leo. Mtoto akitia kidole katika tundu hilo, historia imemwingia pasipo mwalimu.

Wapo watakaosema kwamba miaka mitatu ni michache, na kwamba treni ya kasi kutoka Kaiserslautern hufika Paris kwa saa mbili na nusu hivi. Ni kweli, na hakuna anayesema wasiende. Waende wakati wa likizo, wakiwa na siku za kutosha. Wengine watasema mwanajeshi aliyechoka anataka kulala, na kambini kuna duka, sinema na kila kitu cha Kimarekani, ilhali nje Jumapili maduka yamefungwa. Hoja ya uchovu ina uzito. Ndiyo maana nasema safari iwe fupi. Ila hilo la Jumapili mimi naligeuza. Mapumziko ya siku hiyo yanalindwa na katiba ya Ujerumani, kwa ibara iliyorithiwa kutoka katiba ya mwaka 1919, na kwa sababu maduka yamefungwa familia za Kijerumani hutoka kutembea. Hakuna siku nzuri zaidi ya kukutana na majirani njiani. Mtoto wa jeshi, anayehamishwa kila baada ya miaka michache, anahitaji mahali anapopajua na panapomjua, na mji unaoonwa mara moja kwa mbio hauwezi kumpa hilo.

Neno moja kwa ndugu zetu wenye pasipoti za Afrika Mashariki. Kadi ya ukaazi wa Marekani haiwi viza ya Ulaya, na mpaka wa Ufaransa au Luxemburg huvukwa mara nyingi bila kuonyesha chochote, kiasi kwamba mtu anaweza kudhani ameruhusiwa. Kabla ya kuuvuka, ulizeni ofisi ya sheria ya kambi. Wakati mnangoja jibu, Trier na msitu viko upande huu wa mpaka.