Sokwe aliyeokolewa: Kwa nini ni vigumu kumpatia makao ya kudumu?

Chukulia kwamba mkaazi wa Bilpam, mjini Juba, anabishiwa hodi jioni na mtu aliyebeba boksi. Ndani yake mna mtoto wa sokwe aliyefungwa kamba kiunoni. Muuzaji anadai kwamba mnyama huyo ametoka katika misitu ya Ikwetoria Magharibi, na kwamba asiponunuliwa leo hataiona kesho. Mwenye nyumba anaingiwa na huruma, anatoa fedha, na usiku huo analala akiamini kwamba ameokoa uhai.

Mfano huo ni wa kubuni, lakini sokwe wapo kweli katika Ikwetoria Magharibi, na biashara ya watoto wao ni jambo linalojulikana katika Afrika ya kati na mashariki. Swali gumu huja baada ya huruma: mnyama huyo ataishi wapi maisha yake yote? Sokwe anayetunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 50.

Kwa nini asirudishwe msituni?

Mtoto wa sokwe hunyonya kwa takriban miaka minne au mitano, na hukaa na mama yake kwa miaka mingine kadhaa akijifunza chakula kipi huliwa, kitanda cha majani husukwaje juu ya mti, na nani wa kuogopwa. Ili kumkamata, wawindaji kwa kawaida humuua mama huyo kwanza, na mara nyingi hata jamaa wengine wanaojaribu kumtetea. Anapofika mjini, amekwisha kupoteza waalimu wake wote.

Isitoshe, sokwe hulinda maeneo yao kwa ukali. Katika hifadhi ya Gombe nchini Tanzania, ambako Jane Goodall alianza utafiti wake mwaka 1960, kundi moja la sokwe lilishambulia na kuangamiza kundi jirani kati ya mwaka 1974 na 1978. Mgeni aliyetupwa katika msitu wenye wenyewe anaweza kukutwa na hali hiyohiyo. Tena, sokwe aliyeishi na watu anaweza kubeba magonjwa yao na kuyapeleka kwa wenzake wa porini.

Poco wa Bujumbura

Nyumbani nako hapakaliki. Sokwe mdogo hubebwa mgongoni kama mtoto, lakini akikomaa nguvu zake humzidi mtu mzima, na meno yake yanaweza kumkata mtu vidole. Hapo ndipo wengi wao hufungwa minyororo au kutiwa katika vizimba.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Poco, sokwe dume aliyewekwa kwa miaka mingi katika kizimba kilichoning'inizwa mjini Bujumbura, Burundi, ili awavutie wateja wa biashara ya mmiliki wake. Kizimba kilikuwa chembamba mno kiasi kwamba aliweza kusimama tu. Mwaka 1995 alifikishwa katika hifadhi ya sokwe ya Sweetwaters, ndani ya Ol Pejeta karibu na Nanyuki, Kenya. Huko alipata nafasi ya kutosha na wenzake wa kuishi nao, lakini aliendelea kutembea kwa miguu miwili kama binadamu. Mwili wake ulikuwa umekwisha kukubaliana na kizimba.

Sweetwaters ilifunguliwa mwaka 1993 kwa ushirikiano wa Ol Pejeta, Shirika la Wanyamapori la Kenya na Taasisi ya Jane Goodall. Sokwe wa mwanzo walihamishwa kutoka kituo cha Bujumbura kutokana na vita vya Burundi. Kwa kuwa Kenya haina sokwe wa porini, hapana msitu wa kuwaachia huko: wanaofika hukaa hadi mwisho wa maisha yao.

Ugeni wa Manno

Mwishoni mwa mwaka 2016, hifadhi hiyo ilimpokea Manno, sokwe mdogo aliyekuwa katika bustani binafsi ya wanyama mjini Duhok, kaskazini mwa Iraq. Alikuwa akivishwa nguo za watoto na kupewa vitafunwa na wageni. Hakuwahi kuishi na kundi la sokwe, hivyo hakuweza kuingizwa mara moja miongoni mwao.

Mgeni wa aina hiyo kwanza hutengwa na kupimwa afya. Kisha huonana na wenzake kupitia nondo, akiwa salama, na baadaye hukutanishwa na mmoja mmoja. Kazi hiyo huchukua miezi, wakati mwingine zaidi, na haiharakishwi, kwa kuwa kosa moja linaweza kumgharimu uhai wake.

Nafasi huisha

Kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Viktoria, kilometa zipatazo 23 kutoka Entebbe, Uganda, kimekuwa hifadhi ya sokwe tangu mwaka 1998. Sokwe hawawezi kuogelea, kwa hiyo maji ni ukuta wao. Hata hivyo msitu wa hekta 40 hivi hautoshi kuwalisha. Wahudumu huwapa chakula kila siku, na majike hupewa dawa za kuzuia mimba ili nafasi ibaki kwa yatima wanaookolewa. Kila anayepokelewa huishika nafasi yake kwa miongo mingi.

Mtu afanye nini?

Kwa yule mkaazi wa Bilpam, jambo la kwanza ni kutonunua. Fedha anazotoa kwa huruma humrudisha mwindaji msituni kutafuta mtoto mwingine, na mama mwingine huuawa. Jambo la pili ni kutoa taarifa mapema kwa mamlaka za wanyamapori, na kutomwachia mnyama porini kwa hiari yake. Ikiwa sokwe yumo nyumbani tayari, awekwe mbali na watoto na mtu yeyote mwenye mafua au kikohozi, maana maradhi huvuka pande zote mbili.

Kadiri mnyama anavyokabidhiwa mapema, ndivyo wataalamu wanavyokuwa na nafasi ya kumfundisha kuishi na wenzake kabla kizimba hakijamfundisha kuishi peke yake.