KUZOEANA NA NG'OMBE WA MAZIWA

Mfugaji wa Muheza, watu wakitaja urafiki wa mtu na mnyama, wengi humfikiria farasi. Lakini farasi huangamia upesi kwa ugonjwa wa nagana uletwao na mbung'o, na pwani yetu haikumzoea. Mnyama wako wa kufanya naye urafiki ni ng'ombe wa maziwa afugwaye bandani. Tangu mwaka 1985, kwa mradi wa serikali yetu pamoja na Uholanzi, ng'ombe wa namna hii wameenea kwa wakulima wadogo wa Mkoa wa Tanga. Huleta fedha kila siku, lakini akifa hasara yake ni kubwa mno.

Adui yake mkuu ni ndigana kali, iletwayo na kupe wa masikio. Kupe huyu hupenda kujificha ndani ya sikio, na kwa kawaida hunyonya damu siku tatu au nne kabla ya kutia vijidudu vya ugonjwa. Basi ukimwondoa mapema, umeuzuia ugonjwa. Lakini ng'ombe asiyekuamini hatakuruhusu kumshika sikio. Hii ndiyo faida kubwa ya kuzoeana naye.

Njia ya kumzoeza ni hii:

Kwanza, anza angali mtamba. Mkaribie ubavuni, mahali anapokuona, huku ukimwita kwa jina. Usimjie kwa nyuma kimya kimya.

Pili, mtu mmoja amlishe majani na kumpa maji kwa saa zile zile kila siku. Anyonyeshaye maziwa mengi aweza kunywa debe tatu au zaidi kwa siku.

Tatu, alapo, mpige brashi begani. Siku zifuatazo panda shingoni, kisha kichwani, hata masikioni. Akitikisa kichwa, rudi shingoni, ungoje atulie, ndipo ujaribu tena.

Nne, akizoea, tazama ndani ya masikio yote mawili kila asubuhi. Kupe umwonaye mng'oe, umtie katika kopo la mafuta ya taa. Wala usiache kumwogesha kwa dawa kama ulivyoagizwa na Bwana Mifugo.

Huku ukimshika, papasa tezi iliyo chini ya sikio. Ikiwa imevimba, na mwili una moto, na ng'ombe amesusa majani, mwite Bwana Mifugo siku ile ile. Dawa ipo, lakini husaidia zaidi ikitolewa mapema. Muulize pia habari za chanjo.

Tena fimbo na makelele havifai wakati wa kukamua. Ng'ombe mwenye hofu huzuia maziwa, kwa maana hofu hutia katika damu kitu kizuiacho maziwa kushuka. Mwoshe kiwele kwa maji ya vuguvugu, mkaushe kwa kitambaa safi, kisha kamua upesi kwa mikono ya upole, maana wakati wa maziwa kushuka ni dakika chache tu.

Kazi hii yote haihitaji fedha nyingi, ila subira. Watoto nao wafundishwe kutompiga, kwa kuwa kipigo cha siku moja huweza kuharibu mazoea ya mwezi mzima. Haba na haba hujaza kibaba: mkono wako wa leo begani ndio utakaofika sikioni kesho, kabla kupe hajamaliza kazi yake.