Katriji ndiyo gharama

Kwa miongo mingi, kupima kifua kikuu kulitegemea macho ya mtaalamu wa maabara. Alipaka makohozi kwenye kioo, akakitia rangi, akainamia hadubini kutafuta vimelea kimoja kimoja. Hadubini huvinasa vikifika kama 5,000 hadi 10,000 kwa mililita moja, na baada ya vioo 20 au 25 kwa siku macho huwa yamechoka. Wagonjwa wengi wameambiwa hawana kitu, wakarudi nyumbani na ugonjwa wao.

Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, imeondoa sehemu kubwa ya mzigo huo. Makohozi huchanganywa na kitendanishi, hutikiswa, huachwa dakika 15, kisha mililita 2 hutiwa kwa pipeti ndani ya katriji. Katriji ikishapachikwa, mashine hutoa vinasaba, huvizidisha na kuvisoma yenyewe. Ndani ya saa 2 hivi jibu liko tayari, pamoja na taarifa kama vimelea vimekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Kwa kuotesha vimelea maabarani, jibu hilo lilingojewa wiki kadhaa. Katika saa hizo 2 za mashine, mtaalamu yuko kwenye kazi nyingine.

Pesa, hata hivyo, iko kwenye katriji. Mashine haipokei ya kampuni nyingine. Mwaka 2012 wafadhili walikubaliana na mtengenezaji, Cepheid, bei ya dola 9.98 kwa nchi maskini, na bei hiyo ikaganda zaidi ya miaka 10, huku Madaktari Wasio na Mipaka wakidai dola 5 zinatosha. Septemba 2023 Danaher, inayoimiliki Cepheid, iliishusha hadi 7.97. Kwa katriji 100,000, hiyo ni akiba ya dola 201,000. Naamini shinikizo la kudai bei ishuke lilistahili, tena lisilegezwe.

Kuna na joto. Katriji hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 28, na stoo ya Dar es Salaam mwezi Februari bila kiyoyozi haiwezi. Mashine shindani, Truenat ya Molbio, India, inayotumia betri, ilipata idhini ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2020. Ushindani huo ulihitajika sana.

Anayenunua aulize kwanza bei ya katriji kwa miaka 5 ijayo, na moduli ya mashine ikifa, fundi anatoka wapi na atafika baada ya siku ngapi. Bei ya mashine ifuate baadaye.