Simu Inayosaidia Mtu Kuacha Tumbako

Labda umejaribu kuacha tumbako zamani. Ulitupa pakiti ndani ya choo, ukamwambia mke wako kwamba imekwisha, na siku ya tatu ukaomba sigara moja kwa jirani. Si wewe peke yako. Wengi wanaoanguka huanguka katika siku zile za kwanza, na kuna sababu. Ndani ya tumbako mna kitu kinachoitwa nikotini. Hicho ndicho kinachomfunga mtu. Ubongo wa mvutaji umezoea kukipata, na ukiunyima, unalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Usingizi unapotea, hasira inapanda bila sababu, na mtu hawezi kutulia kazini. Mateso haya ni makali zaidi siku mbili tatu za kwanza. Kisha yanapungua pole pole, na kwa watu wengi yamekwisha karibu yote baada ya majuma mawili mpaka manne.

Basi, katika siku hizo za vita msaidizi yuko wapi? Muuguzi yuko hopitali, nawe uko kijijini, mwendo wa siku nzima. Hapo simu ina kazi.

Katika California, jimbo la Marekani, watu wa chuo kikuu cha San Diego walianza mwaka 1992 kuwasaidia wavutaji kwa simu, bila malipo. Mvutaji hupiga simu, naye hujibiwa na mshauri aliyefundishwa kazi hiyo, katika lugha anayoisikia: Kiingereza, Kispania, Kikorea, Kivietnam au Kichina. Lakini siri ya kazi yao ni hii: mshauri hamngojei mtu apige tena. Yeye mwenyewe anampigia. Mara ya kwanza wanazungumza kabla ya siku ya kuacha, wapange siku hiyo pamoja. Kisha mshauri anapiga siku ya kwanza, ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, na ya thelathini. Unaona jinsi simu zilivyo karibu karibu mwanzoni? Zimefuata hatari ilipo.

Je, inafaa? Waganga wamekusanya majaribio mengi ya nchi mbalimbali, na hesabu yao ilitolewa mwaka 2019. Kati ya wavutaji 100 waliopiga namba ya msaada lakini hawakufuatwa kwa simu nyingi, karibu 7 waliacha. Kati ya 100 waliofuatwa, karibu 10 waliacha. Utasema, watatu tu? Mimi sisemi «tu». Watatu hao ni baba za watoto. Walipewa maneno, tena kwa wakati wake.

Maneno gani? Si mahubiri, wala si kutisha watu kwa picha ya mapafu meusi. Mshauri anauliza mambo madogo. «Papa, sigara ya kwanza unaivuta saa ngapi? Mkono wako unaitafuta wapi? Unapokunywa kahawa? Unapokaa na rafiki penye pombe?» Baba akijibu kwamba ni jioni, penye pombe, wanapanga mbele: jioni hizo za kwanza atakwenda wapi? Mkononi atashika nini? Tamaa ikija kwa nguvu, mara nyingi inapita kwa dakika chache tu. Basi anywe maji, atafune karanga au muwa, aondoke mahali pale, atembee mpaka ipite. Na amwambie mke wake mapema, ili hasira ya juma la kwanza isionekane kama chuki.

Sasa nina neno kwa wazee wa kanisa, maana kitabu hiki kinasomwa nao. Kwetu Waprotestanti mvutaji anajificha. Anavuta nyuma ya nyumba, anatafuna majani ya limau, ndipo anakuja ibadani. Akiulizwa, anasema uongo, na hivi anabeba mizigo miwili. Katika simu hakuna anayemtazama usoni. Anaweza kusema kweli: «Jana nilivuta tatu.» Ukimkemea hapo, kesho hataitika simu yako. Mwulize tu: «Ilikuwa wapi, na nani alikuwa nawe?» Petro alimkana Bwana mara tatu, naye Bwana hakumfukuza. Watu wengi hujaribu mara nyingi kabla ya kuacha kabisa. Aliyevuta moja leo achague tena leo leo, asingojee Jumatatu.

Wagonjwa wetu wa kifua kikuu wasikie zaidi. Moshi unaongeza hatari ya ugonjwa huo, na hatari ya kurudiwa nao. Mtu anameza dawa miezi sita, anatoka salama, anafika nyumbani kwa ndugu wanaovuta. Huyo ndiye wa kwanza kupigiwa. Na wewe unayeacha, ukikohoa kidogo zaidi siku za kwanza, usishangae. Huwapata watu wengine. Lakini kikohozi kikipita majuma mawili, au ukitema damu, usitegemee simu. Njoo upimwe makohozi.

Hakuna haja ya mashine kubwa. Muuguzi mmoja, daftari moja, na unite kidogo za simu zinatosha kuanza. Katika daftari aandike jina, siku ya kuacha, na zile siku tano za kupiga. Mahali pengine rezo inapatikana juu ya kilima tu. Basi patana saa kamili na muuguzi, upande kilimani saa hiyo. Kama huna simu, leta namba ya jirani unayemwamini, asiyevuta. Na kama unayo, leta ya jirani vilevile, maana betri huisha, mara nyingi siku ya tatu.